Petro alipohama meza

Leo naomba tufungue pamoja Waraka kwa Wagalatia, sura ya 2, mstari wa 11 hadi wa 14. Ni mistari minne tu, na wahubiri wengi huipita haraka wakiwahi mafundisho ya kuhesabiwa haki kwa imani yanayofuata. Lakini mistari hiyo inahusu chakula. Tena inahusu jambo tunalolifanya karibu kila wiki huku kwetu, kuanzia Mwika mpaka Machame, bila kulitambua.

Petro, ambaye Paulo anamwita Kefa, yuko Antiokia. Anakula na Wakristo waliotoka katika Mataifa, meza moja nao, bila shida yoyote. Kisha wanafika watu kutoka kwa Yakobo, watu wa Yerusalemu. Petro anaanza kurudi nyuma kidogo kidogo, mwishoni anajitenga kabisa. Chakula hakikubadilika ladha. Hakupewa ufunuo mpya. Paulo anaitaja sababu waziwazi: Petro aliwaogopa waliotahiriwa. Na wengine wakamfuata, hata Barnaba, mtu ambaye Matendo ya Mitume inamsifu kwa wema wake, naye akachukuliwa na mkumbo.

Sasa kumbuka huyu ni Petro gani. Ni yule wa Matendo sura ya 10, aliyepanda darini mjini Yafa akiwa na njaa, akaona kitu kama shuka kubwa kikishuka kutoka mbinguni kimejaa wanyama wa kila namna, akaambiwa achinje ale. Jambo hilo lilifanyika mara tatu. Baadaye akaenda nyumbani kwa Kornelio akakaa naye siku kadhaa. Akatetea hatua hiyo mbele ya wakubwa Yerusalemu, na hoja zake zikakubalika. Kama kuna mwanadamu aliyewahi kupewa semina kamili kuhusu chakula, na mwalimu akiwa Mbingu yenyewe, ni Petro. Na bado wageni walipoingia mlangoni, alihama meza.

Nimekaa na mistari hii kwa sababu ya mazungumzo ninayoyasikia kila mahali siku hizi, kanisani, kwenye daladala, kwenye foleni ya kliniki. Watu wanasema: tatizo letu ni elimu, watu hawajui kula. Mimi sikubaliani. Wengi wanajua. Wanajua kuhusu sukari, wanajua kuhusu mafuta na chumvi, wameshaambiwa na daktari, na mwanakwaya mwenzao, na redio. Kinachowashinda ni kile kilichomshinda Petro, yaani macho ya watu walioketi mezani.

Tuchukue mfano. Ni Jumamosi ya Desemba, watoto wa nyumbani wameshapanda kutoka Dar es Salaam, Arusha na Nairobi, na barabara ya kwenda Kibosho imejaa magari ambayo mwezi wa Juni huyaoni. Kijana amepata kipaimara. Chini ya turubai yuko mama wa miaka 58, tumwite Mama Neema, ambaye huu ni mwaka wa tatu anahudhuria kliniki ya kisukari. Masharti yake anayajua kuliko sala ya asubuhi. Amekuja na azimio moyoni: wali kidogo, mboga nyingi, maji, basi.

Soda imeshafunguliwa kabla hajakaa vizuri. Kijana aliyeileta amesimama anatabasamu, na kumrudishia chupa iliyofunguliwa ni kama kumwaga kitu cha mwenyewe. Kwenye foleni ya chakula wifi yake ndiye anayepakua. “Wifi, ndiyo hiyo tu? Au mwaka huu umetukataa?” Watu wanacheka, naye anacheka, na mwiko wa pili wa pilau unatua juu ya wa kwanza. Kisha mshereheshaji anashika kipaza sauti na kuita mashangazi waje walishwe keki. Muziki unapanda. Simu zimeinuliwa kupiga picha. Kijana anamsogezea shangazi yake kipande cha keki mdomoni, na familia nzima inatazama.

Niambie, ndugu msomaji, wewe ungefunga mdomo?

Usikimbilie kusema hana msimamo. Petro naye siku ile hakuwa na msimamo, na ni yeye ambaye Bwana alimwambia habari za mwamba na kanisa (hapo tusianze ubishi wetu wa zamani kati ya parokia na usharika). Mama Neema amekula keki ile kwa upendo. Ameila kwa sababu kuikataa mbele ya umati ule kungesomwa kama kumkataa mtoto, na kuwakataa wazazi wake, na pengine kufufua ugomvi wa mpaka wa kihamba ambao ulimalizwa kwa shida. Katika mila za Wachagga chakula kimekuwa lugha siku zote. Mbuzi akichinjwa, kila sehemu ina mwenyewe kulingana na nafasi yake katika ukoo, na mzee asipopelekewa sehemu yake hatalalamika kuhusu nyama, atauliza amekosa nini. Ndafu wa harusi anaingia mzima, majani mdomoni, na anayelishwa kipande cha kwanza ameheshimiwa mbele ya watu. Katika lugha kama hiyo, sahani iliyokataliwa ni neno zito.

Sasa tuangalie gharama yake. Mwaka 2000 wataalamu walichapisha utafiti uliolinganisha watu wa Ilala jijini Dar es Salaam na watu wa kijiji cha Shari, huku huku mkoani kwetu Kilimanjaro. Shari, wanaume waliokutwa na kisukari walikuwa asilimia 1.7 na wanawake asilimia 1.1. Ilala ilikuwa asilimia 5.9 kwa wanaume na 5.7 kwa wanawake. Sababu walizozitaja ni unene, mwili kutofanya kazi, na maisha ya mjini kwa jumla. Mwaka 2012 ulifanyika upimaji wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza kwa watu wa miaka 25 hadi 64, na kisukari kikakutwa kwa asilimia 9.1, na shinikizo la damu kwa takribani mtu mmoja katika kila wanne. Utaona kwamba mwili wa mwanakijiji wa Shari haukuwa na siri. Alikuwa anapanda na kushuka mlima akiwa na majani ya ng'ombe kichwani, na anakula alichokivuna. Sasa majani yanaletwa na gari, na mlima tunapanda kwa bodaboda.

Lakini soda ile ya Mama Neema nayo ihesabiwe. Chupa ya mililita 350 ina gramu 35 za sukari hivi, au zaidi, karibu vijiko vya chai vinane au tisa. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2015 linataka sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nishati mtu anayoipata kwa siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima wa kawaida, na linasema ikishuka hadi nusu ya hapo ni bora zaidi. Chupa mbili na kipande cha keki, na mtu mzima mwenye afya ameshavuka mpaka. Mwenye kisukari, sijui tuseme nini. Na kati ya Desemba 8 na Mwaka Mpya mtu mwenye ukoo mkubwa anaweza kualikwa sherehe sita.

Watu wanaochunguza tabia za binadamu wamelitazama jambo hili kwa makini, na baadhi ya waliyoyaona yangewafurahisha bibi zetu. Mwaka 2001 Julie Mennella na wenzake wa Philadelphia, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu akina mama waliokunywa juisi ya karoti, wengine wakiwa wajawazito, wengine wakinyonyesha. Watoto wao walipoanza kula uji, walipokea uji wenye ladha ya karoti vizuri kuliko watoto ambao mama zao walikunywa maji tu. Ladha ya mama inamfikia mtoto kabla hajazaliwa, na inaendelea kumfikia kwenye maziwa. Huku kwetu mzazi akiwekwa ndani miezi mitatu akilishwa mtori na kitawa, tulidhani analishwa yeye peke yake. Kumbe na mtoto anafundishwa ndizi.

Ndiyo maana Mchagga aliyeishi Dar es Salaam miaka thelathini bado anapiga simu nyumbani kuomba mkungu wa mshare uwekwe kwenye buti la basi. Ndizi zipo Dar es Salaam. Zilizopo si zenyewe. Wana wa Israeli jangwani walikuwa na mana mbele yao, na bado Hesabu sura ya 11 inasema walilia wakikumbuka samaki, matango, matikiti na vitunguu vya Misri, nchi waliyokuwa watumwa. Tumbo lina kumbukumbu zake, na halikumbuki pamoja na ladha yale mateso.

Mtoto akikua kidogo, mwalimu wake anakuwa mtoto mwenzake. Mwaka 1980 Leann Birch alichapisha utafiti wa watoto wa chekechea: mtoto anayependa mboga fulani alikalishwa meza moja na wenzake wanaopenda nyingine. Baada ya siku chache tu wengi waliokuwa wanaipuuza ile ya wenzao walianza kuichagua, na waliendelea kuichagua hata wenzao walipokuwa hawapo. Hakuna aliyewafundisha faida za mboga. Walitazamana tu. Jambo hilohilo unaliona asubuhi kwenye geti la shule hapa mjini Moshi, isipokuwa kwetu linakwenda upande mwingine. Mtoto aliyefungiwa kiburu, ndizi na maharage yaliyopikwa na bibi kwa magadi, anaona wenzake wana biskuti na juisi ya pakiti. Kiburu kinarudi nyumbani hakijaguswa. Mama anasema mtoto hapendi kiburu. Mtoto kiburu anakipenda, ila hapendi kuonekana nacho.

Na mtu mzima je? Mtafiti mwingine wa Marekani, John de Castro, mwaka 1989 aliwafuatilia watu walioandika kila walichokula kwa siku saba. Milo waliyokula wakiwa na wenzao ilizidi ile waliyokula peke yao kwa asilimia 44. Tunakaa muda mrefu zaidi, tunaongea, mkono unaenda kwenye sahani wenyewe. Sisemi hivyo ili tule peke yetu, Mungu apishe mbali. Bwana wetu mwenyewe alisemwa kuwa mlafi na mlevi kwa sababu hakukataa meza za watu. Nasema hivyo ili ujue kwamba unapokaa kwenye sherehe, tayari kuna mzigo uliowekwa kwenye mizani kabla wifi hajainua mwiko.

Kisha kuna heshima, na hapa ndipo panaponiuma zaidi. Wazee wetu wengi wanakumbuka wakati wali ulikuwa chakula cha Krismasi na Pasaka. Siku hizi mpunga unalimwa hapo chini tu, Chekereni na Mabogini, na wali unaliwa Jumanne. Lakini ule utukufu wa sikukuu haukuondoka kwenye wali. Umebaki, na ndizi imebaki kuwa chakula cha siku zote. Mgeni wa heshima akija tunaaibika kumwekea ndizi na maharage na mboga za kihambani. Kihamba hichohicho, mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikitambua, kwa mfano wa kijiji cha Shimbwe Juu, kuwa moja ya urithi muhimu wa kilimo duniani. Dunia inakuja kupiga picha migomba yetu, na sisi tunamkimbizia mgeni dukani kumletea mkate mweupe na soda. (Sisemi ndizi ni dawa. Ndizi nayo ni wanga, na mwenye kisukari ana kipimo chake. Nasema kwamba tulikiacha kwa aibu, hatukukiacha kwa ushauri wa daktari.)

Aibu hiyo inamkamata mwenye sherehe kuliko hata mgeni. Mjane anaweza kukopa kwenye kikundi chake ili kwenye kipaimara cha mwanawe pasikosekane mchele, kuku, nyama ya kuchoma na makreti ya soda, kwa sababu jirani mwezi uliopita vilikuwepo. Analipa mpaka Juni. Na waliokula wameshasahau kama kuku alikuwepo.

Wala tusidhani kila linalofanywa mbele ya macho ndilo linalofanywa nyuma yake. Fikiria nyama ya nguruwe ilivyo na majina mengi mitaani, kitimoto, mbuzi katoliki, na mengine ya kunong'onezwa. Nyama ya ng'ombe haihitaji jina la kujificha. Ukiona chakula kina majina mengi kiasi hicho, ujue wanaokila wanahesabu nani anapita njiani. Wako waumini wa madhehebu zinazokataza, ambao nyumbani hawaguswi na harufu yake lakini mjini wana meza yao ya pembeni. Simcheki mtu. Nauliza tu kama Petro angekuwa Moshi angekaa meza ipi.

Basi tufanye nini? Wazo la kwanza la kila kamati ni semina. Daktari aalikwe baada ya ibada ya pili, aeleze madhara ya sukari, watu wapige makofi, kisha wakanywe soda nje. Nimewaambia Petro alikuwa na semina. Lakini nina na ushahidi mwingine, nao ni wa kale kidogo.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili nyama ilikuwa adimu Marekani, kwa kuwa nyingi ilipelekwa kwa askari. Serikali ilitaka akina mama wapike moyo, figo na vitu vya ndani, ambavyo kule familia za hali ya kati ziliviona vya aibu. (Hapo najua msomaji wa Marangu ameshangaa, maana kwetu supu ya utumbo watu wanagombania.) Kurt Lewin, mwanasaikolojia Myahudi aliyekimbia Ujerumani mwaka 1933, alipewa kazi ya kuwatafutia njia, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1943. Alichukua makundi sita ya akina mama waliokuwa wakijitolea Msalaba Mwekundu. Matatu yalipewa mihadhara mizuri, yenye hoja za afya, za uchumi na za uzalendo, pamoja na karatasi za mapishi. Matatu mengine hayakuhutubiwa hivyo. Waliulizwa: akina mama kama ninyi mngeona ugumu gani? Wakasema wenyewe: waume zetu watanuna, harufu jikoni, watoto hawatakula. Wakajadili. Mwishoni wakaulizwa nani yuko tayari kujaribu wiki hii, na wakanyoosha mikono wakionana.

Walipofuatiliwa baadaye, waliosikiliza mihadhara, asilimia 3 tu ndio walikuwa wamepika vyakula vile. Walioamua pamoja, asilimia 32.

Soma tena tarakimu hizo, hasa kama wewe ni mchungaji, padri, mwinjilisti au katekista. Mahubiri mazuri, asilimia tatu. Wanadamu waliokaa mduara na kuona mikono ya wenzao, karibu theluthi. Hoja zilikuwa zilezile. Tofauti ni kwamba mama wa kundi la pili alirudi nyumbani akijua kwamba hatakuwa peke yake. Macho yale yale ambayo yangemzuia, sasa yalikuwa yanamsubiri.

Nasi tuna kitu ambacho Lewin alilazimika kukitengeneza. Tuna jumuiya. Kila wiki, Wakatoliki na Walutheri, tunakaa sebuleni kwa mmoja wetu, watu kumi au ishirini wanaofahamiana mpaka majina ya mbwa. Jumuiya ndiyo inayokuja kwenye msiba na kuchangia harusi, na ndiyo inayojua nani hajaonekana wiki mbili. Na, tuseme kweli, ndiyo macho yenyewe. Wifi mwenye mwiko ni mwanajumuiya, na kijana wa soda tulimbatiza. Kama Mama Neema anaogopa mtu, anatuogopa sisi, wala si adui.

Jumuiya ikiamua, inaweza. Inaweza kukubaliana kwamba kwenye sherehe zetu hakuna atakayetoa neno juu ya sahani ya mwenzake, si kwa utani, si kwa mapenzi. Maji yawekwe kila meza kabla ya soda, na yaanzie meza kuu, kwa sababu kile kinachonywewa meza kuu ndicho kitakachoonekana cha heshima. Akinywa maji mkuu wa jimbo au paroko, maji yamebarikiwa. Mshereheshaji aambiwe mapema kwamba kulishana keki ni kwa vijana wanaotaka, na shangazi anaweza kukumbatiwa tu. Msibani pawe na makande au ndizi na maharage, tena kwa tangazo la jumuiya, ili mfiwa asionekane bahili kwa uamuzi ambao si wake. Hayo ni mawazo yangu tu. Yenu mtayapata wenyewe mkikaa, na yatakuwa bora, maana mtayaamua ninyi.

Danieli alifanya hivyo. Katika sura ya kwanza tunamsifu kama shujaa aliyekataa chakula cha mfalme, lakini soma vizuri: walikuwa wanne. Alikuwa na Hanania, Mishaeli na Azaria. Hakumtukana mfalme wala hakuipindua meza. Alimwomba msimamizi kwa adabu muda wa siku kumi tu, wale mboga na kunywa maji, kisha watazamwe. Mtu mmoja peke yake katika jumba lile la Babeli, nina wasiwasi angekula.

Tahadhari moja. Kuna watu wataisoma tafakari hii na kugeuka polisi. Kesho utawasikia: “Wewe si una sukari? Mbona unakula ndizi?” Huo ni utumwa uleule, umevaa koti jeupe. Mgonjwa aliyeaibishwa mezani hatapona, atakula akijificha, na kliniki atadanganya. Warumi 14 inawakataza wote wawili, anayekula asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula. Na Paulo, katika 1 Wakorintho 8, alipozungumzia nyama iliyoleta mgogoro, aligeuka kwa mwenye nguvu. Hakumwambia ndugu dhaifu ajikaze. Alimwambia yule ambaye nyama haimdhuru kwamba yuko tayari yeye mwenyewe asile nyama kabisa, kama ulaji wake unamwangusha mwenzake. Mzigo uko kwetu sisi tunaoweza kunywa soda na tukalala salama. Ukinywa maji pembeni ya Mama Neema, umempa ruhusa ambayo daktari hawezi kuiandika.

Nao Wakorintho walikuwa na sherehe zinazofanana na zetu. Sura ya 11 inasema wengine walitangulia kula chao wakashiba na kulewa, na wengine wakabaki na njaa, katika mkutano huohuo wa Bwana. Nenda nyuma ya turubai la sherehe yoyote kubwa saa kumi jioni uone akina mama waliopika tangu alfajiri wanakula nini, na wamekaa wapi. Hilo nalo jumuiya ilizungumzie. Paulo alipoona hali ile hakuanza na hotuba ya lishe, aliwaambia wangojane.

Wiki hii jumuiya ikikutana, anayeongoza anaweza kusoma Wagalatia 2:11-14, halafu akauliza swali moja: ni nani kati yetu huwa anakula au kunywa kitu kwa kutuogopa sisi? Usitegemee jibu haraka. Watu watatazama chini, mwingine ataomba wimbo. Ngojeni. Mwenye nyumba, ambaye tangu mchana amehangaika kwa ajili ya chai na maandazi mtakayokula baada ya sala, huenda akawa wa kwanza kunyoosha mkono.